Nilijua Alichokula Sungu

Kasoli, Alhamisi mchana

Kabula mwanangu,

Ukiona karatasi hizi nyingi usidhani ni maagizo ya safari. Habari za neti, za kuchemsha maji, za kusalimiana na watu wa Kalemela kabla hujawauliza ng'ombe wao wana nini, mama yako ameshazisema, na kesho atazirudia mpaka basi liwashwe. Mimi huko sina la kuongeza. Na juu ya wanyama siwezi kukufundisha kitu, mimi niliyeishia darasa la saba. Juzi tu umenionyesha kwamba ndama niliyekuwa namnywesha dawa ya minyoo kila mara hana minyoo hata mmoja, anakosa chumvi. Nikamwekea chumvi, akapona.

Nataka kukuandikia juu ya Sungu.

Najua unamkumbuka kuliko sisi sote. Ulimpa jina Sungusungu kwa sababu alipokuwa mdogo alizunguka nyumba usiku akibweka kama walinzi wa kijiji, kisha jina likafupishwa. Alikuwa na sikio moja lililokatika na tabia ya kukusindikiza shuleni hadi kwenye daraja, halafu anageuka mwenyewe. Ulikuwa na miaka kumi na mmoja alipokufa. Unachokijua juu ya kifo chake ni kile ulichoambiwa, na mara ya mwisho nilikusikia ukikisema ni mwezi uliopita, hapa hapa uani, siku tuliyowaalika majirani kwa ajili ya barua yako ya kazi. Ulisimama ukasema, "Bibi mmoja jirani yetu alimpa mbwa wangu sumu. Siku ile ndiyo niliamua nitasomea mifugo." Watu wakapiga makofi. Mchungaji akasema amina. Mimi nilikuwa na tonge mkononi, nikalirudisha kwenye sahani.

Bibi Minza hakumpa Sungu sumu. Ni mimi.

Sitaki uache kusoma hapa. Nikusimulie yote kwa mpangilio, maana nusu ya hadithi ndiyo iliyotufikisha tulipo.

Ulikuwa mwezi wa tatu, pamba imeanza kutoa maua na kila nyumba inapiga dawa. Wiki hiyo fisi aliingia zizini mara mbili. Mara ya kwanza alichukua mwanambuzi. Mara ya pili alimkamata yule mbuzi jike mweupe, akamrarua tumbo, Sungu akamfukuza kabla hajamaliza. Nilimchinja yule mbuzi kwa sababu hakuwa wa kupona. Jioni nilikuwa nasafisha utumbo, mama yako akasimama mlangoni akaniangalia. Alinijua.

"Baba Kabula, usiweke sumu," akasema. "Kuna watoto hapa. Kuna mbwa."

"Sawa," nikamjibu.

Sikumjibu kwa ukali. Nilisema sawa kwa upole kabisa, na nilipokuwa nasema tayari nilishajua chupa ya dawa ya pamba iko wapi na imebaki kiasi gani. Nilikuwa na hasira na yule fisi kama vile alinitukana. Giza lilipoingia nilichukua utumbo, nikaumiminia dawa, nikaufunga mafungu matatu, nikayaweka kwenye korongo nyuma ya shamba letu, kwenye njia ya fisi. Sungu nilimfunga kamba kwenye nguzo ya ghala. Nikajiona mtu mwangalifu.

Kulipopambazuka nilichukua ndoo nikaenda kukagua. Mafungu yalikuwa mawili. Nikafurahi, Kabula. Nilisimama pale nikafurahi, nikasema fisi amekula, sasa akafie mbele. Nikatia yale mawili kwenye ndoo, nikayafukia kwenye kichuguu. Niliporudi nyumbani nikaona kamba imelala chini ya nguzo.

Wewe ndiye uliyemfungua. Ulikuwa unakwenda kisimani kabla sijaamka na ulimfungua kama ulivyofanya kila siku ya maisha yake. Nakuomba usilibebe hilo hata kwa dakika moja. Hakuna aliyekuambia usimfungue. Ningekuambia, ningelazimika kusema kwa nini.

Saa mbili Sungu alikuja akiyumba kutoka upande wa shamba. Unakumbuka mate? Yalikuwa yanamtoka kama povu la sabuni, hayakatiki. Nyama za mapaja zilikuwa zinacheza chini ya ngozi. Alijaribu kulala, akashindwa, akajaribu kusimama, akashindwa. Akaharisha pale pale mlangoni, mbwa ambaye hakuwahi kuchafua uwanja. Ulipiga kelele. Mama yako akatoka jikoni.

"Amekula nini?"

"Sijui."

Hilo ndilo neno la kwanza. Lilitoka lenyewe. Sikulipanga. Nilichokiona mbele yangu si mbwa, bali ni mama yako amesimama mlangoni jioni ya jana yake, na mimi nikisema sawa.

Sasa nakuandikia wewe afisa mifugo, wala si wewe mtoto. Utapigiwa simu huko Kalemela. Wapo wanaolima nyanya na pamba, wapo wenye sumu ya panya kwenye ghala, wapo waliotega fisi kama mimi. Mtu atakuambia, "Dada, mbwa wangu ana hali mbaya, sijui amekula nini." Wengine hawajui kweli. Lakini wengine wanajua mpaka jina la dawa na rangi ya kifuniko cha chupa. Hawafichi kwa sababu hawampendi mbwa. Mimi nilimpenda Sungu. Ila ndani ya mtu aibu inakimbia haraka kuliko huruma, inafika mdomoni ya kwanza, na huruma ikifika inakuta mlango umeshafungwa.

Baada ya kusema sijui, nilianza kufanya mambo ili nionekane nafanya. Nikasema mleteeni maziwa. Nikasema mleteeni mafuta ya kupikia. Nikakwambia, "Kabula, shika kichwa chake." Ukakaa chini, ukakiweka kichwa chake mapajani, ukampanua mdomo kwa vidole vyako, mimi nikamimina. Nusu iliingia njia ya hewa, maana alianza kukohoa na kukoroma. Halafu akatapika. Akakutapikia wewe, kwenye gauni, kwenye mikono, mpaka magotini. Ulimfuta mdomo kwa khanga ya mama yako huku ukimwambia avumilie.

Nilikuwa najua ile ni dawa. Nilipokuwa naipiga shambani nilijifunga kitambaa usoni na nilinawa kwa sabuni mara mbili. Nikakuacha uishike kwa mikono mitupu, kwa sababu kukuambia "usimguse" kungekuwa ni kusema ninachokijua. Katika mambo yote ya siku ile, hili ndilo linaloniamsha mpaka leo.

Nikampigia simu bwana mifugo, Luhende. Mzee yule unamkumbuka, aliyekuwa na pikipiki nyekundu. Akaniuliza mbwa amekula nini.

"Hajala kitu," nikasema. "Nafikiri ni nyoka."

"Umemwona nyoka?"

"Nimeona majani yamelala karibu na kisima."

Angalia uongo unavyokua. Nilikuwa na neno moja tu, sijui, na baada ya robo saa nilikuwa na nyoka, na majani aliyoyalalia.

Luhende alifika haraka kuliko nilivyotegemea. Alichuchumaa, akatafuta jeraha kwenye miguu, akatafuta puani. Kisha akamfunua Sungu kope. Mboni zilikuwa zimekuwa ndogo kama ncha ya sindano. Akainua uso akaniangalia, mama yako amesimama kulia kwangu, wewe umekaa na kichwa mapajani, na majirani kama sita wameshajaa uani.

"Huyu si wa nyoka," akasema. "Kuna dawa ya pamba hapa nyumbani?"

"Iliisha wiki iliyopita."

Chupa ilikuwa nyuma ya ghala, hatua kumi kutoka aliposimama.

"Dawa ya kupambana na hii ninayo ofisini," akasema Luhende. "Uliniambia nyoka, ndiyo maana sikuja nayo. Ngoja niifuate."

Akawasha pikipiki. Alikuwa hajafika barabara kubwa Sungu alipokata roho. Wewe ulijua kabla yetu, maana ulikuwa umemshika. Ulisema tu, "Amekuwa mzito."

Luhende aliporudi tulikuwa tumeshamfunika gunia. Alishuka na kichupa mkononi na sindano imeshafunguliwa. Hakugomba. Alinisogelea akasema kwa sauti ya kawaida, mbele ya watu wote, "Masunga, kama kuna kitu unakijua, kiseme sasa. Huenda kuna mtu mwingine amekigusa."

Wewe ulikuwa umekaa kwenye kizingiti cha jikoni na gauni lile lile. Mtu alikupa michembe ya viazi ili unyamaze, na ulikuwa unakula kwa mikono ile ile.

"Ningejua ningesema," nikamjibu Luhende.

Mara nyingi nimejiuliza angefanyaje ili niseme. Yule mzee hakukosea kitu, alikuwa mtu mwema na aliuliza swali sahihi. Lakini aliniuliza mbele ya mke wangu na majirani sita. Kama angenishika mkono tukaenda nyuma ya nyumba, akasema, "Sikuja kumkamata mtu, niambie chupa iko wapi," nafikiri ningemwonyesha. Siwezi kuapa. Nafikiri tu. Wewe ukifika kwenye nyumba ya watu, mtume huyu maji, mtume yule kamba, mpaka ubaki na mwenye mbwa peke yake. Halafu usimuulize nani kafanya. Muulize kuna nini humu ndani, na kifungashio kiko wapi. Na uliza ukiwa kwenye simu, kabla hujapanda pikipiki. Kama kuna mtoto amemshika mbwa, mtoe kwanza, anawe, avue nguo. Hayo ya mwisho unayajua. Nayaandika kwa sababu mimi niliyajua pia na sikuyafanya.

Baada ya Luhende kuondoka, mama yako ndiye aliyesema jina. Simlaumu. Bibi Minza alikuwa amelalamika Jumanne kwamba Sungu anakula mayai ya kuku wake, na alisema kwa sauti, watu wakisikia, "Huyu mbwa mtamzika." Kila mtu husema hivyo mbwa akila mayai. Mama yako akakumbuka. Akasema, "Minza aliahidi." Nikaona majirani wanageuka wote kwa pamoja kutazama kibanda cha yule mama, ng'ambo ya ua wa minyaa, moshi wa asubuhi unatoka mlangoni.

Nikanyamaza. Unajua huku kwetu mjane mzee anayeishi peke yake, macho yamekuwa mekundu kwa moshi wa kuni, hahitaji kusingiziwa mambo mengi. Moja linatosha. Nilijua hilo vizuri kuliko mtu yeyote pale uani, maana mama yangu mzazi alikuwa mjane pia. Nikanyamaza.

Saa sita ukaja ukanishika shati.

"Baba, naona ukungu."

Jasho lilikuwa linakutiririka kama mtu aliyetoka mtoni. Ukainama ukatapika. Ulipoinua uso mate yalikuwa yanakutoka pembeni mwa mdomo, na nikayaona macho yako. Mboni zako zilikuwa kama za Sungu.

Sikumbuki nilisema nini. Nakumbuka mwanamke mmoja akipiga yowe kwamba sumu haiwezi kumrukia mtoto, huo si mkono wa kawaida, Minza amewaunganisha mbwa na mtoto. Mwingine akasema kuna mganga karibu na mnada, tumpeleke haraka. Mama yako alikuwa amekukumbatia, anakuita, na nilipomwangalia niliona yuko tayari kukupeleka popote.

"Hospitali," nikasema. "Bariadi."

"Umejuaje kwamba ni ya hospitali?" akaniuliza.

Nikakuchukua mikononi mwake. Tulipanda bodaboda, mimi nyuma ya dereva, wewe katikati yetu wawili. Njia nzima kichwa chako kilinigonga mgongoni. Mara kilikuwa kinagonga kwa mdundo wa barabara, mara kinaacha, na kila kilipoacha nilimwuliza mama yako, "Anapumua?" Naye anamwambia dereva, "Endesha."

Daktari wa zamu alikuwa kijana. Akauliza, "Amekula nini? Ameshika nini?" Mama yako akaanza kueleza habari za mbwa na jirani. Yule kijana alinitazama usoni, akasikiliza kidogo, kisha akamwambia mama yako abaki na muuguzi, mimi akanivuta chumba cha pembeni akafunga mlango.

"Mzee, nina dakika chache. Ni dawa gani?"

Nikamtajia. Jina la dawa, kiasi nilichomimina, saa niliyoweka, saa uliyomshika mbwa. Yote yalitoka kwa pumzi moja, tena kwa mpangilio, kama nilikuwa nimeyakariri. Hakunigombeza. Alifungua mlango akaita, "Mvueni gauni, muogesheni kwa sabuni mwili mzima, vaeni glovu," na kabla hajatoka akanigeukia. "Hili ungelisema asubuhi."

Walikuchoma sindano na kukuwekea dripu, na sindano ikarudiwa tena na tena. Nilihesabu matone kwa sababu sikuwa na ujasiri wa kukuangalia usoni. Jioni jasho likakata. Kesho yake ukaomba uji. Siku ya tatu ukauliza kama Sungu amezikwa.

Sasa nakuja kwenye neno ambalo nililichagua, na nililichagua nikiwa na akili zangu timamu, hatari imekwisha. Mama yako aliniuliza daktari alisemaje kule chumbani. Nikamjibu, "Anasema mbwa alilishwa sumu, na sumu ikamgusa mtoto." Alilishwa. Kweli tupu. Sikusema na nani. Lugha yetu inaruhusu mtu kulishwa bila mlishaji, na nikajificha humo kwa miaka kumi na miwili.

Mwenyekiti wa kitongoji aliitisha kikao. Bibi Minza alisimama katikati, amejifunga kitenge chake cha kijani, akasema hajamlisha mbwa wa mtu, na mtoto yule alikuwa anamchotea maji, amdhuru kwa nini. Watu wakaguna. Mwenyekiti akanigeukia mimi, mwenye mbwa na mwenye mtoto, akauliza nasema nini. Nilikuwa na nafasi ya tatu, au ya nne, sijui tena. Nikasema, "Mimi sina ushahidi. Namwachia Mungu."

Watu walinisifu kwa hekima. Na wiki hiyo hiyo mawe yakaanza kutua juu ya bati la Bibi Minza. Mwezi haukuisha, binti yake akaja na mkokoteni wa ng'ombe, akampeleka kwake Sola. Waliondoka mchana, tukiwa tunapalilia. Sikuinua kichwa.

Wewe ulisoma, na ulisoma kwa hasira ambayo mimi nilikupa. Kila ulipofaulu nilifurahi, kisha nikaona ile furaha imesimama juu ya mgongo wa mtu. Nilijiambia itapita. Haikupita, ilizoeleka tu. Halafu ukapata kazi, ukasimama uani ukasema ulichosema, watu wakapiga makofi. Nikaona kwamba sasa kesi ya Bibi Minza inasafiri. Itafika Kalemela, utawasimulia wenzako ofisini, utawasimulia wanao.

Jumatatu iliyofuata nilikwenda Sola. Niliwaambieni nakwenda kuangalia dume la kununua. Nilimkuta kwa binti yake, amekaa kwenye kivuli cha nyumba anachambua choroko kwa vidole, maana jicho moja limekufa na la pili linaona kidogo. Nikapiga magoti, nikamwamkia kama mama yangu.

"Mwadila, mayu."

Akaitikia salamu, akauliza mimi ni nani. Nikajitaja. Vidole vikasimama kwenye ungo.

Nikamweleza. Sikuomba maji, sikukaa. Nilipomaliza akasema, "Nilikuona."

"Uliniona wapi, mayu?"

"Alfajiri ile. Umetoka korongoni na ndoo, unaangalia nyuma. Nilikuwa natoka kukata kuni. Mchana waliponitaja jina nikajua kilichokuwa ndani ya ndoo."

"Kwa nini hukusema kikaoni?"

Alicheka, Kabula. Kicheko kifupi, bila furaha. "Niseme mimi? Mimi mwenye macho haya, nimseme mwenye zizi, mwanawe yuko hospitali? Wangenichoma siku ile ile. Nilikusubiri wewe useme. Nikakusubiri kikaoni. Nikakusubiri na mkokoteni ulipokuja."

Nikalia, mzee mzima. Hakunikataza wala hakunibembeleza. Akaendelea kuchambua choroko. Baadaye akauliza, "Yule mtoto yuko wapi sasa?"

Nikamwambia umekuwa daktari wa mifugo, maana huku ndivyo tunavyoita. Nikamwambia unahamia Kalemela.

"Anajua?"

"Bado."

"Basi hujafika kwangu," akasema. "Umepita tu njiani."

Nilirudi nikamwambia mama yako usiku huo. Siku nne aliniwekea chakula bila neno. Siku ya tano akasema, "Nilimtaja mimi kwa mdomo wangu, na wewe umekaa pembeni unanisikiliza." Kisha akasema, "Mtoto utamwambia mwenyewe. Mimi sitakusaidia hata neno moja." Leo asubuhi amekuchukua mkanunue ndoo na godoro mjini Bariadi. Ndoo zipo hata hapa Kasoli. Amekuondoa ili niandike.

Sikuombi unisamehe kabla hujalala. Huna haraka hiyo. Kama utakasirika, kasirika, ila nakuomba usikasirike kama mimi nilivyomkasirikia fisi, hasira ambayo ilitaka tu kitu kife. Na kazi yako usiiache. Huenda utaona imeanzia kwenye uongo. Nimelifikiria sana. Mimi nilikuona ukiwa na miaka kumi na mmoja, umekaa chini na kichwa cha mbwa mapajani, mikono haikutetemeka, mwili wako wote umegeuka kuwa mto wa yule mnyama. Hapo hakukuwa na uongo wowote. Ulikuwa hujaambiwa bado nani wa kumchukia.

Sola si mbali ukiwa na siku moja ya likizo. Sikutumi. Binti yake anaitwa Limi, nyumba iko nyuma ya kisima cha zamani. Nenda au usiende. Mimi nitakwenda tena, na safari hii nitasimama kwanza kwenye kikao cha kitongoji hapa kwetu niseme nilichotakiwa kusema. Mwenyekiti mpya ameshanipa siku, Jumamosi. Nilitaka uwe umeondoka ili usione watu wakinitazama. Kisha nikaona hiyo ni njia nyingine ya kujificha. Ukitaka kuahirisha safari mpaka Jumapili uwepo, kazi haikimbii siku mbili. Ukitaka kuondoka kesho, ondoka.

Nilikusudia kuiweka barua hii chini kabisa ya begi lako, uikute ukiwa umeshafika na mimi niko mbali. Nimeikunja kwa ajili hiyo, nikafungua zipu, nikashindwa. Ingekuwa tena ni kuweka kitu gizani na kwenda kulala. Nasikia pikipiki inapanda kutoka barabarani, nadhani ni nyinyi. Nitakupa mkononi, uwanjani, mbele ya mama yako, kabla hujashusha hata godoro. Usome pale pale. Mimi nitakaa kwenye kigoda, sitaingia ndani, sitashika jembe wala kujifanya nina kazi. Ukimaliza utanikuta nakuangalia usoni.

Baba yako,
Masunga